Nimenunua "Kyela" ya gunia miaka mitano, kumbe mchele upo Bahi hapo nyuma ya nyumba

#1 Kipepeo wa Ilazo

Mbukwa wakuu. Mwenye haraka apite tu, uzi huu ni mrefu na una ukoko chini yake.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Nilikuja Dodoma 2017 na lile wimbi la watumishi, nikaolewa hukuhuku. Katika mizigo niliyoshuka nayo kwenye basi mmojawapo ulikuwa imani kwamba Dodoma ni zabibu, vumbi na ugali wa uwele, basi. Mchele unatoka Mbeya, hasa Kyela. Nikifika sokoni neno langu lilikuwa moja: "Nipe Kyela." Napewa gunia lenye maandishi ya bluu, nalipa bei ya Kyela, narudi nyumbani nimetulia kama mtu mwenye hati ya kiwanja.

Mwaka jana mwezi wa pili mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kigwe. Nikasema leo mama atajua kwamba mtoto wa pwani ameletwa hapa na wali wake. Nikanunua nazi mbili, na mnaijua nazi ya Dodoma, inauzwa kama dawa. Gunia lilikuwa jipya, kilo hamsini, la duka moja la jumla ambalo sitalitaja. Nilinusa pale juu: harufu safi kabisa.

Nikapika kama siku zote, kikombe kwa viwili. Tui likaingia, nikafunika, nikapalia mkaa juu ya mfuniko. Kufunua, bokoboko. Wala si lile bokoboko la ngano na nyama la sikukuu. Huu wali nusu umevimba hadi kupasuka, nusu una kiini, na katikati chenga zimeyeyuka zimegeuka gundi.

Mama akachota kijiko, akakigeuza juu ya sahani. Wali haukudondoka. Akakigonga kidogo kwenye ukingo. Ukang'ang'ania. Akanitazama kwa upole ule unaoua, akasema, "Mama, kesho ugali nitasonga mimi."

Asubuhi akaniambia nimsogezee gunia. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya chini, akaimwaga upande mmoja wa ungo. Konzi ya juu akaimwaga upande wa pili. Akaubeba ungo mpaka mlangoni kwenye mwanga. Wakuu, ule wa juu ulikuwa mrefu, mwembamba, unang'aa. Wa chini ulikuwa wa makabila matatu: mrefu kidogo, mfupi mnene wenye doa jeupe tumboni kama chaki, na vipande vilivyokatika. Yaani nimenunua gunia lililovalishwa kofia ya Supa, ule mchele mrefu wenye harufu.

"Huu umetoka wapi?"

"Kyela, mama."

"Ulikuwepo ukitoka?"

Sikuwa na jibu.

Mwezi wa saba akanipeleka Bahi mwenyewe. Kutoka mjini ni kama kilomita 60 kwa njia ya Singida, hata usingizi haujakolea umefika. Tukaingia kwenye mashine ya kukoboa. Pumba zinaruka mpaka kwenye kope, mpunga wa mtu unaingia juu, mchele wake unatoka chini ungali na joto. Mama akachota kwenye mdomo wa mashine, akausugua viganjani, akapuliza vumbi, akaninusisha. Harufu ilikuwepo. Haipigi kelele, lakini ipo. Akatupa punje moja mdomoni akaing'ata: *ka!* Akasema, "Umekauka. Nunua."

Huo ndio mchele ninaokula hadi leo, na hata siku nikichelewa kurudi kazini nikaupasha, punje bado zimeachana. Siku hizi sokoni siulizi jina tena. Nauliza umevunwa lini na umekobolewa lini. Muuzaji akibabaika kwenye hayo mawili, hata gunia lake liwe limeandikwa nini, naaga.

Sasa nina maswali. Watu wa Bahi mpo humu? Mbona mchele wenu siuoni sokoni mjini kwa jina lake? Na la pili, maji. Nikipika kwa kipimo changu cha Dar mara yanazidi, mara yanapungua. Wataalamu karibuni.

#2 Bumu Limekata

Nimeishia pale "kesho ugali nitasonga mimi" nikacheka hadi roommate kaamka. Hiyo ni hukumu ya Mahakama ya Rufani, haina pa kukata rufaa tena.

#3 Mnyakyusa Halisi

Mleta mada, pole kwa yaliyokukuta, lakini usiuchafue mchele wetu kwa kosa la wachuuzi wa huko kwenu. Kyela halisi ukipikwa, jirani wa nyumba ya tatu anajua leo kwa fulani kuna wageni. Usiufananishe na mchele wa kwenye vumbi.

Ila nikiri jambo moja kama mwenyeji. Kyela ni wilaya moja ndogo kando ya Ziwa Nyasa. Mchele mwingi mnaouita "wa Mbeya" unalimwa Mbarali, bonde la Usangu, huko ndiko kwenye mashamba makubwa. Sasa pigeni hesabu wenyewe: Dar wanakula Kyela, Arusha Kyela, Dodoma Kyela, Zanzibar nako nasikia Kyela. Hiyo Kyela ina ukubwa gani jamani? Sisi wenyewe nyumbani kuna miezi tunautafuta.

#4 Mwana wa Bubu

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nalima Bahi, baba yangu kalima hapohapo, na kila mwaka nasikia watu wa mjini wakishangaa kwamba Dodoma kuna mpunga.

Hapa ni pakame kweli, mvua ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na zikikasirika hazifiki. Kinachotubeba ni mto Bubu. Unashuka kutoka upande wa Kondoa, unakuja kumalizikia kwenye ziwa la matope la Bahi. Hapo hauna pa kwenda tena. Maji yanatandaa, yanakauka, yanaacha chumvi. Sehemu nyingine ya hilo bonde ni ya wavuvi wa kambale miaka maji yakiwepo, nyingine ni ya ng'ombe, na pale maji ya mto yanapofika kabla hayajaharibika, tunalima mpunga. Kuna mifereji ya skimu ya umwagiliaji pia. Wenzetu wa Kintinku na Chikuyu, upande wa Manyoni, nao wamo kwenye bonde hilohilo.

Kitalu tunaweka mvua zikikaa sawa, mwaka mpya unakukuta unapandikiza mgongo umepinda. Mwezi wa nne punje ikiwa maziwa ndipo adui anakuja: kwelea kwelea. Ndege mdogo kama kidole gumba, lakini wakija ni wingu, na wingu likitua shambani kwako asubuhi, jioni unarudi na mabua. Kwa hiyo tunaamia. Alfajiri mpaka jua lizame mtu yuko juu ya dungu na kombeo, makopo na sauti yake. Mimi kusoma nilijifunzia juu ya dungu. Serikali ikileta ndege ya kunyunyizia dawa tunapumua, isipokuja kwa wakati tunapiga makopo.

Tunavuna mwezi wa tano, wa sita. Mleta mada, mama mkwe wako alikupeleka wa saba, huyo mama anajua.

Sasa swali lako, mbona hauuoni mjini. Unauona sana, dada yangu. Tukivuna tuna madeni: ada, mbolea, kibarua. Mnunuzi anakuja na lori anachukua mpunga papo hapo kabla hata haujakauka vizuri, anaukoboa, anauweka kwenye mifuko anayoijua yeye. Mchele wetu ukivuka Kigwe unabadilishwa kabila. Unaondoka hapa Mgogo, unafika soko la Majengo Mnyakyusa. Na usishangae, katika hiyo miaka mitano huenda ulishakula Bahi mara nyingi tu. Ulichozidishiwa ni bei.

#5 Mnyakyusa Halisi

"Unaondoka Mgogo unafika Mnyakyusa." Hahaha, mwe! Mkuu hapo umenimaliza. Ndaga fijo, yaani asante sana, nimekaa chini.

#6 Turubai la Majengo

Wafanyabiashara tunasemwa humu kama hatusikii. Nauza mchele Dodoma mwaka wa kumi na mbili huu, ngoja niseme ukweli wote, ule wa kunipendeza na usionipendeza.

Dodoma ina milango minne ya mchele. Wa Mbeya unapanda kwa barabara ya Iringa. Wa Kahama na Shinyanga unakuja kwa Singida. Wa Ifakara na Dakawa unatoka Morogoro. Wa Magugu unashuka kwa Babati na Kondoa. Huo wa Bahi ni wa mlango wa uani. Siku moja dukani naweza kuwa na yote, na mteja akiingia anasema neno moja tu, "Kyela." Nikimwambia leo Kyela sina, nina Magugu mzuri sana, anatoka anakwenda kwa jirani, na jirani anamuuzia Magugu ileile kwa jina la Kyela. Mimi nimesema kweli nimekosa hela. Miaka yangu ya kwanza ilinipita hivyo.

Kuchanganya kupo. Kuko kwa aina mbili na watu hawatenganishi. Kuna kuchanganya kwa akili: wenye hoteli wanaomba Supa kwa ajili ya harufu, na SARO, mbegu isiyo na harufu kali, kwa ajili ya kujaza sahani, nawapimia mbele yao, wanajua wanachonunua. Na kuna hiyo kofia ya Supa aliyoisema dada. Hiyo ni wizi, haina jina lingine. Shida yake si harufu tu. Mchele wa aina mbili unaiva kwa nyakati tofauti. Mmoja unapasuka mwingine bado una kiini. Ndiyo bokoboko lenyewe lililokuaibisha.

Jinsi ya kujilinda mama keshakuonyesha: zamisha mkono. Muuzaji anayekukataza kuzamisha mkono, huna biashara naye. Mkiwa sokoni, iwe Majengo, Sabasaba au pale Soko Kuu la Job Ndugai Nzuguni, usianze na gunia. Chukua nusu kilo, kapike, ukiridhika rudi siku hiyohiyo kwa mtu yuleyule kwenye gunia lilelile. Ukisubiri wiki gunia limekwisha na jipya si ndugu yake.

Halafu mizani. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo, iwe ya mwaka huu. Debe na kopo vinadanganya kwa sababu mchele mkavu na mchele wenye unyevu havijai sawa, achilia mbali debe lililogongwa likabonyea kwa ndani. Na lumbesa ni kosa kwa Sheria ya Vipimo Sura 340, ingawa mkulima bado anaumizwa nayo. Mwana wa Bubu ni shahidi.

#7 Mwana wa Bubu

Shahidi namba moja. Gunia linashonewa kilemba juu, unaambiwa hilo ni moja.

#8 Ticha Mlimwa

Kuhusu maji niingie kidogo, nafundisha fizikia na nyumbani jikoni napika mimi.

Dada katoka Dar, usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Dodoma tupo juu, zaidi ya mita 1,100. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ukichochea moto hayapandi zaidi ya hapo, yanaishia kuruka mvuke tu. Kyela kando ya ziwa ni chini ya nusu ya urefu wetu, kwa hiyo hata mchele wao uleule ukiupika hapa utachelewa kidogo. Dawa ni mfuniko mzito usiovuja na subira, siyo kuongeza moto. Ukiongeza moto maji yanakwisha mchele haujaiva, unaongeza maji, unakoroga, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

La pili ni hewa. Dodoma kiangazi ni pakavu hadi midomo inapasuka. Mchele uliokaa kwenye gunia hapa kuanzia Julai hadi Novemba unazidi kukauka, utadai maji kuliko ulivyodai ulipoununua. Ndiyo maana kipimo chako mara kinazidi, mara kinapungua. Kikombe ni kilekile, mchele ndio umebadilika.

#9 Mama Sinia

Waalimu wameshamaliza, sasa waacheni wapishi. Napikia mafundi wa ujenzi Nzuguni, sufuria mbili kubwa kwa siku, Jumapili tu ndiyo napumzika.

Dada Kipepeo, kwanza mawe. Mchele wa mashine za vijijini unaweza kuwa na vijiwe, kwa sababu kuna wanaoanika chini. Usiuchambue kwa macho tu. Weka kwenye bakuli kubwa, mimina maji mengi, tikisa kwa mzunguko, mimina mchele na maji yake polepole kwenye bakuli la pili. Rudia mara tatu nne. Jiwe ni zito, linabaki chini la mwisho. Mteja wangu aking'ata jiwe kesho harudi, na anaondoka na wenzake sita.

Kuosha, mchele wenye harufu usiusugue kama nguo. Maji mawili yanatosha.

Maji ya kupikia: Bahi mpya wa Juni, Julai, vikombe vinne vya mchele kwa sita vya maji. Ukizidisha umekwisha, mchele mpya una utomvu. Ukifika Desemba, vinne kwa saba. Uliolala mwaka mzima, vinne kwa vinane, na huo ndio naupenda kwa biashara, maana unavimba na unachambuka. Mchele mpya ni wa kula nyumbani kwa harufu, wa zamani ni wa kujaza sinia. SARO nayo inataka maji zaidi kidogo kuliko Supa.

Chumvi, jamani. Maji ya visima vya huku kwetu yana chumvichumvi yake tayari. Mimi nikipikia maji ya kisima naweka nusu ya chumvi ninayoweka nikipikia ya mvua. Onja maji ya sufuria kabla ya mchele kuingia. Yawe kama mchuzi mwepesi.

Mafuta mimi natumia alizeti ya kukamua hapahapa, ile yenye rangi ya asali. Dar mna nazi, sisi tuna alizeti. Kijiko kimoja kwa kikombe cha mchele, kitunguu kidogo kipate rangi, au bila kitunguu. Mchele nauingiza kwenye maji yanayochemka, nageuza mara moja, nafunika. Basi. Maji yakishaingia, yaani ukiona vishimo vimetokea juu na hakuna maji yanayocheza, punguza moto wa chini, pandisha makaa juu ya mfuniko, subiri dakika ishirini. Usifunue. Kila ukifunua unamtoa mgeni nje.

Wa gesi, weka kikaango cha chapati chini ya sufuria moto ukiwa mdogo kabisa, hautaungua.

Na nyie mnaofunika wali kwa mfuko wa nailoni, mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na bado mnayo! Mvuke wa moto unagusa nailoni, unadondokea kwenye chakula cha watoto. Tumieni kitambaa safi au jani la mgomba.

#10 Bumu Limekata

Mama Sinia shikamoo. Naomba msaada wa mwanafunzi wa UDOM: jiko dogo la umeme, sufuria nyepesi, mfuniko si wake, na mfukoni chenga tu ndiyo ninayoimudu. Nifanyeje wali usiwe uji?

#11 Mama Sinia

Marahaba mwanangu. Chenga usiidharau. Ipepete kwanza vumbi litoke, iloweke kidogo, maji yawe sawasawa na chenga yenyewe au yazidi kidole kimoja tu, na mafuta yatangulie: ikaange kavu dakika mbili tatu mpaka inukie ndipo maji ya moto yaingie. Mfuniko usioenea, funga kitambaa kwanza, ncha uzifunge juu zisiguse moto. Ukichoka na wali, loweka usiku kucha, saga, vitumbua. Vitumbua havijui kama mchele ulikuwa mzima.

#12 Kisima cha Ndege

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Baba ana sukari, kliniki wamemwambia apunguze wali, yeye anasema mchele wa kienyeji hauna shida, wenye shida ni wa kutoka nje. Kweli?

#13 Ticha Mlimwa

Hapana mkuu, wali ni wanga, uwe wa Bahi au wa Thailand. Msikilize daktari wake. Sahani iwe na maharage au choroko na mboga nyingi, wali uwe kama ngumi yake. Ule usiokobolewa sana unamfaa zaidi kidogo, lakini nao ni wa kupima.

#14 Konda wa Zamani

Mimi swali langu ni la kuhifadhi. Nilinunua gunia mbili mwanzoni mwa 2023 bei ilipopaa, nikaogopa itapanda zaidi. Wadudu walikula moja, bei ikashuka nikiwa na la pili. Sitaki kuzungumza sana.

#15 Mwana wa Bubu

Pole sana mkuu. Ndiyo maana sisi tunahifadhi mpunga, hatuhifadhi mchele. Ganda lile ni koti. Nunua mpunga mkavu, uweke kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake, juu ya mbao usiguse sakafu wala ukuta. Ukihitaji toa gunia moja kakoboe, unapata mchele mpya kila mwezi.

Kwenye hesabu usidanganyike: mpunga kilo 100 unatoa mchele kilo 60 na kitu, ukipata mashine nzuri 65 hivi. Nyingine ni pumba na chenga, zidai, ni zako. Kuna mashine zinakoboa kwa bei ndogo halafu pumba zinabaki kwao, na kwenye pumba kuna chenga zako nusu debe.

Na kukausha. Hapa wengi tunakosea, naongea na wakulima wenzangu. Jua la Dodoma ni kali. Ukimwaga mpunga mbichi juani saa sita na kuuacha, unapasuka ndani ya ganda bila wewe kuona, na kwenye mashine unatoka chenga tupu. Halafu unalaumu mashine. Tandaza turubai, tabaka liwe nene kiasi, geuza kila mara, saa za jua kali ufunike. Mwaka ule nilikuwa na msiba nikauacha mpunga juani siku mbili mfululizo. Gunia nane. Nilipokoboa nikapata chakula cha vifaranga.

#16 Mnyakyusa Halisi

Mwana wa Bubu, mnalima mbegu gani huko? Kwetu Supa ndiyo mfalme.

#17 Mwana wa Bubu

Supa ipo, ila ndefu, inachelewa, na upepo wa huku ukipiga inalala. Mvua ikikatika mapema inakuachia mapepe, maganda yasiyo na punje. Wengi sasa tuko kwenye SARO 5, ile TXD 306 iliyotolewa 2002. Fupi, inasimama, miezi minne hivi umevuna, na gunia zinaongezeka. Jina lenyewe ni kifupisho cha Kizungu, maana yake mpunga wenye harufu nusu. Kwa hiyo anayesema SARO haina harufu amekosea, na anayeiuza kama Supa naye amekosea. Ina nusu.

Mimi nina eka moja ya Supa kwa ajili ya nyumbani na eka mbili za SARO kwa ajili ya ada. Mke wangu akitaka kunikumbusha mimi ni nani, wageni wakija anapika SARO.

#18 Kipepeo wa Ilazo

Nimerudi, nilikuwa na kikao. Asanteni sana, hasa Mama Sinia. Nilikuwa nikitumia kipimo kimoja mwaka mzima, na chumvi ileile ya Dar kwenye maji ya kisima.

Mama mkwe yupo kwangu wiki hii, nimemsomea uzi wote. Kwenye "unaondoka Mgogo" alicheka mpaka akashika ubavu. Anasema utoto wao wali ulikuwa wa Krismasi tu, watoto wanagawiwa viganjani, na aliyepewa ukoko alitembea nao kijiji kizima akiukwanyua taratibu ili wenzake waone. Kisha akauliza, "Huyo Mnyakyusa anaongea sana. Mwambie alete mchele wake tuuone."

#19 Mnyakyusa Halisi

Shikamoo mama. Nimepokea changamoto. Shamba letu lipo, mpunga wa mwaka huu upo kwa mama mdogo. Kilo tatu zinapanda basi kesho jioni. Nakutumia namba ya konda inbox. Ila mpishi awe mmoja na sufuria zifanane!

#20 Kipepeo wa Ilazo

Taarifa ya Jumamosi.

Sufuria mbili zinazofanana, alizeti ileile, maji ya kununua ili chumvi isilete kesi. Mpishi mama mkwe. Kyela wa Mnyakyusa na Bahi wa Mwana wa Bubu, Supa ya ile eka yake, zote za mavuno ya mwaka huu. Waliokula ni mimi, mume wangu, watoto wawili, majirani, na kijana mmoja mwembamba aliyejitambulisha mlangoni kwa jina la Bumu Limekata. Mama aliposikia ni mwanafunzi akamwekea wa kwanza.

Kwa harufu, Kyela kaondoka na ushindi, hakuna ubishi. Mfuniko ulipofunguliwa jirani wa nyumba ya pili alichungulia kweli. Mnyakyusa, nakuvulia kofia, na si ya Supa.

Bahi ulikuwa mtulivu zaidi kwa harufu lakini punje zake zilikaa wima, imara kidogo kwenye jino. Mume wangu alirudia huo. Mama akaonja zote mbili bila kitu, akatikisa kichwa, hakusema neno. Kisha akaenda jikoni akarudi na bakuli la mlenda wa karanga.

Mlenda na wali, wakuu. Mimi wa Temeke nilifumba macho. Akamwagia Kyela kidogo, akaonja, akasema, "Huu unajisikia, haumtaki mlenda." Akamwagia Bahi, akachanganya kwa vidole, akala, akachota tena. "Huu ni wa nyumbani. Unampokea."

Nimejaribu. Sisemi kitu, ila nimekula sahani nzima.

#21 Mnyakyusa Halisi

Nakubali matokeo ya mlenda. Huko siwezi kushindana. Na ukoko je? Mbona hujasema?

#22 Kipepeo wa Ilazo

Muulize Bumu Limekata. Tulipogeuka kunawa mikono, sufuria zote mbili zilikuwa zinang'aa.

#23 Bumu Limekata

Ukoko wa Bahi mgumu zaidi. Unakaa mfukoni vizuri.